Mwanangu Anaogopa Kivuli Chake: Je, Katuni Hii Inawafaa Watoto?

"Daktari, nina watoto wawili, binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka 6. Tangu shule zifungwe wamekuwa wakitazama katuni moja ndefu ya misimu mitatu, inayohusu yatima watatu wanaosafiri katika nchi ya kubuni yenye mazimwi, wachawi na mizimu, wakimkimbia malkia anayenyonya vivuli vya watu. Imeandikwa kwamba ni ya kuanzia miaka 7, na msimu wa kwanza haukuleta shida yoyote kwa sababu ulikuwa wa kuchekesha zaidi. Katika msimu wa pili kuna mama mlezi mpole, anayewapikia yatima hao na kuwalaza, ambaye usiku mmoja anageuka kuwa kivuli mbele ya macho yao. Tangu siku hiyo mwanangu haendi chooni peke yake, anaogopa kivuli chake ukutani, anataka taa iwake usiku kucha, na mara nyingine ananitazama usoni kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mume wangu anasema ni katuni tu, atazoea. Wifi yangu anasema ni mambo ya kichawi, nizime zote. Binti yangu analia kwa sababu amebakiza msimu mmoja. Je, katuni hii inafaa au haifai? Na nitazipimaje nyingine zitakazokuja, maana siwezi kukaa kuzitazama zote?"

Mama, katika barua yako sentensi iliyonishika zaidi ni ile ya mwanao kukutazama usoni bila kusema kitu, na nitairudia baadaye kwa sababu ndani yake kuna sehemu kubwa ya jibu. Kwanza nikujibu moja kwa moja. Kwa maelezo uliyonipa, katuni hiyo kwa sasa haimfai mvulana wa miaka 6, na huenda inamfaa dada yake wa miaka 10 iwapo utakaa naye. Majibu hayo mawili hayapingani. Mtoto wa miaka 6 na wa miaka 10 wakikaa kwenye kochi moja mbele ya picha ileile, kila mmoja anaona hadithi yake, na kwa hiyo swali la kama katuni "inawafaa watoto" halina jibu mpaka tumtaje mtoto mwenyewe, umri wake, na mtu anayekaa karibu naye wakati anatazama.

Nianze na neno la baba yao, kwa kuwa ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi. Katuni ni namna ya kutengeneza picha, wala si kipimo cha umri. Japani, kwa mfano, kuna katuni za watoto wachanga, za vijana waliobalehe na za watu wazima, na zote zinaweza kuchorwa kwa macho makubwa na rangi zilezile za kuvutia, kiasi kwamba mzazi anayepita sebuleni haraka hawezi kuzitofautisha. Katuni za ulimwengu wa kubuni zina tabia moja zaidi inayowakwaza wazazi: wahusika wake hukua pamoja na hadithi, na hadithi huzidi kuwa nzito kadiri misimu inavyosonga. Msimu wa kwanza huwajenga na kuwapendezesha wahusika. Msimu wa pili au wa tatu ndipo anakufa mtu tuliyekwisha kumpenda. Mzazi aliyetazama sehemu mbili za mwanzo akaridhika hakukosea katika alichokiona, ila alikipima kitu ambacho kilikuwa hakijafika.

Alama ya umri nayo inasaidia, lakini haisemi yote tunayoidhania kusema. Mfumo wa Marekani, ambao alama zake huonekana katika katuni nyingi zinazosambazwa duniani, ulianza mwaka 1997, na alama yake ya TV-Y7 inakusudia watoto wa miaka 7 na kuendelea, hasa wale waliokwisha kupata uwezo wa kutenganisha mambo ya kubuni na mambo halisi. Herufi FV zikiongezwa mwishoni, maana yake ni kwamba mapigano ya kubuni yaliyomo ni makali zaidi. Wanaoweka alama hizo huko ni vituo vya televisheni na watayarishaji wenyewe, wala si jopo la madaktari wa watoto. Kwa hiyo alama ya 7 uliyoiona haikukuahidi kwamba mtoto wa 7 hataogopa, na zaidi ya hayo mwanao bado hajaifikia. Ninawaomba wazazi waichukue alama kama mlango wa kuanzia: ikisema 7, mtoto wa 5 asitazame, ikisema 7 na mtoto ana 8, hapo ndipo kazi ya mzazi inapoanza.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, kwa maana ukielewa inavyofanya kazi utaweza kuzipima katuni nyingine bila kuniuliza. Mtoto mdogo, tuseme wa miaka 3 hadi 6 au 7, huongozwa zaidi na kile ambacho jicho linamwonyesha kuliko kile ambacho akili yake inajua. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani Joanne Cantor na Glenn Sparks waliwachunguza watoto waliokuwa wakitazama The Incredible Hulk, tamthilia ya televisheni kuhusu mtu mwema anayegeuka kuwa jitu la kijani ili kuwaokoa walio hatarini. Haikuwa katuni, lakini somo lake linatuhusu. Watoto wakubwa waliogopa zaidi wakati mtu yumo hatarini, kisha jitu lilipotokea wakatulia, kwa kuwa walijua ndilo mwokozi. Watoto wadogo waliogopa zaidi pale pale mtu mwema alipokuwa akigeuka. Kwao, uso unaobadilika ulikuwa na nguvu kuliko habari yote waliyoisikia kabla yake. Katika utafiti mwingine wa Cantor pamoja na Cynthia Hoffner, watoto walionyeshwa bibi kizee ambaye mara alionekana mpole na mara wa kutisha, na ambaye mara alitenda wema na mara ukatili. Kadiri watoto walivyokuwa wadogo ndivyo walivyomhukumu zaidi kwa sura, na kadiri walivyokuwa wakubwa ndivyo walivyomhukumu zaidi kwa matendo.

Rudi sasa kwenye katuni yenu. Mwanao alimvumilia malkia anayenyonya vivuli kwa msimu mzima, kwa sababu malkia alionekana mbaya tangu mwanzo na hakumdanganya mtu. Kilichomvunja moyo ni mama mlezi. Yule alikuwa na uso wa kupendeka, alipika, alilaza watoto, halafu uso huohuo ukageuka. Nadhani ndiyo sababu mwanao anakutazama. Anahakikisha kwamba uso wako bado ni wako. Hana maneno ya kukuuliza kama na wewe unaweza kugeuka, na huenda anaogopa kwamba akiuliza litatokea, kwa sababu katika umri huo wapo wengi wanaoamini kwamba kulitamka jambo au kuliwaza kunaweza kulileta.

Kwa msingi huo utaona pia kwa nini "si kweli, ni katuni tu" haimtulizi. Maneno hayo humsaidia mtoto wa miaka 9 au 10, ambaye anaweza kuishika fikra moja na kuitumia kuizuia nyingine. Mtoto wa miaka 5 au 6 anaweza kukujibu vizuri kabisa kwamba malkia ni wa kuchora, na dakika tano baadaye akagoma kuvuka ukumbi. Hakudanganyi, wala hadeki. Kinachomtuliza mtoto wa umri huo hupitia mwilini zaidi kuliko masikioni: kushikwa, kunyweshwa kitu cha vuguvugu, kulala karibu na mtu, kuwa na taa ndogo anayoiwasha na kuizima mwenyewe. Mweleze hivi, kwa maneno machache na uso wako ukiwa karibu na wake: "Mimi ni mama yako. Nikilala ni mama yako, nikiamka ni mama yako. Watu hawageuki kuwa vivuli." Mruhusu akuguse mashavu ikiwa atataka.

Kisha chukua tochi, mchana, chumba kikiwa na giza kidogo tu, mkakae mbele ya ukuta. Tengeneza ndege kwa viganja vyako viwili, umpe tochi aishike yeye. Akiisogeza karibu, ndege anakuwa mkubwa, akiirudisha nyuma, anapungua, akiizima, hayupo. Usimweleze somo lolote. Mwachie avumbue mwenyewe kwamba kivuli hufuata mkono na mkono ni wa mtu. Nimewaona watoto waliokataa kutazama ukuta wakiishia kugombania tochi, na nina imani na zoezi hili kuliko hotuba yoyote. Kesho yake anaweza kuchora yule mama mlezi kwa penseli yake, akampa kivuli cha umbo analotaka. Usimlazimishe kurudia kuitazama sehemu iliyomtisha kwa nia ya kumkomaza. Kuzoea kupo, baba yao hajakosea kabisa, lakini mtoto huzoea kwa hatua ndogo anazozitawala yeye, na anayesukumwa mara nyingi hujifunza kuificha hofu badala ya kuishinda.

Akiamka usiku, angalia ni saa ngapi na yukoje. Jinamizi, yaani ndoto mbaya, kwa kawaida huja katika nusu ya pili ya usiku; mtoto huamka kabisa, hukutambua, hukusimulia, naye anahitaji kufarijiwa. Kuna hali nyingine inayotokea katika saa za mwanzo za usingizi mzito: mtoto huketi, hupiga kelele, macho yako wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki chochote. Hali hiyo ya pili hutisha kuitazama, lakini katuni si lazima iwe chanzo chake, na dawa yake ni kumlinda asijiumize na kumwacha arudi usingizini bila kumtikisa wala kumhoji.

Kuhusu neno la wifi yako, nitalijibu kwa heshima kwa sababu nyuma yake kuna upendo kwa watoto. Kama imani ya nyumba yenu hairuhusu hadithi zenye wachawi na mizimu, huo ni uamuzi wenu wazazi na mtoto anaweza kuelezwa hivyo kwa utulivu, bila kuambiwa kwamba amejiletea jambo baya kwa kutazama. Hilo la mwisho nalisisitiza: ukimwambia mtoto ambaye tayari anaogopa kuwa alichokitazama kina nguvu za kweli, umemthibitishia hofu yake kwa kinywa cha mtu mzima. Kwa upande wa taaluma yangu, kuwapo kwa zimwi au uchawi katika hadithi hakutoshi kuihukumu. Hadithi za mazimwi zilisimuliwa kwa watoto tangu hapo zamani za kale. Tofauti ni kwamba msikilizaji mdogo alimchora zimwi kichwani mwake kwa ukubwa aliouweza, na bibi aliyesimulia aliuona uso wake na kujua wakati wa kushusha sauti au kuleta wimbo. Katuni humletea zimwi lililokwisha kuchorwa, lenye muziki wake, na haimwangalii anayetazama. Nafasi ya bibi ndiyo iliyobaki wazi, na ndiyo ninayokuomba uikalie.

Swali ambalo ningeliuliza juu ya uchawi wa katuni ni hili: nguvu hizo zinatumikaje, na zinamgharimu nini mwenye nazo? Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu akilipiga sanamu kubwa la kupuliza hewa. Baadhi walimwona mtu halisi, baadhi walimwona kwenye filamu, na baadhi waliona filamu iliyofanywa ifanane na katuni, ikiwa na mtu aliyevaa kama paka. Makundi yote matatu yalionyesha ukali zaidi kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa kitu. Kwa hiyo sura ya katuni haimkingi mtoto asiige. Tazama basi kama kipigo kinauma katika katuni hiyo, kama aliyepigwa anaonekana akiugua kesho yake, na kama wahusika wema hucheka baada ya kumwangusha mtu. Wazazi hukaza macho kwa adui, ilhali mtoto hakusudii kuwa adui. Anataka kuwa shujaa, na atachukua njia za shujaa pamoja na wema wake.

Usitegemee sana kwamba mwisho wa hadithi utarekebisha mambo. Watu wazima tunaridhika tukisikia kwamba mkatili alitubu na kusamehewa, lakini mtoto mdogo huunganisha kwa shida tendo la mwanzo na fundisho la mwisho, hata ndani ya sehemu moja ya dakika 20, sembuse kitubio kinachokuja misimu miwili baadaye. Yeye hukumbuka zaidi kile kilichoonyeshwa kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa.

Umeuliza utazipimaje nyingine bila kuzitazama zote. Tazama nne tu, ila uzichague vizuri: sehemu ya kwanza kabisa, mbili za mwisho za msimu wa kwanza, na moja ya msimu wa mwisho uliopo. Mbili za kufunga msimu ndizo zenye vifo, usaliti na mapigano makubwa, nazo zitakuonyesha kiwango ambacho watengenezaji wako tayari kufika. Katika mojawapo, zima sauti kwa dakika chache, kisha irudishe na ufumbe macho. Utashangaa ni kiasi gani cha hofu kinaletwa na muziki, mlio wa pumzi, na ukimya wa ghafla kabla ya mshindo. Angalia pia sehemu inavyoisha. Katuni za namna hii hukatwa penye hatari ili mtazamaji afungue inayofuata, na mtoto aliyepelekwa kulala wakati shujaa ananing'inia juu ya korongo ataimalizia hadithi hiyo gizani peke yake. Zima mpangilio unaofungulia sehemu inayofuata bila kuulizwa, na mkitazama, malizieni mahali palipotulia, hata kama ni katikati ya sehemu.

Kuna jambo moja la kimwili ambalo watu hulisahau. Desemba 16, 1997, nchini Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu uliomwekamweka kwa kasi, na watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na degedege. Masharti ya utengenezaji yalikazwa baada ya hapo, lakini mapigano ya nguvu za ajabu bado hupenda radi na miale. Watoto watazame chumba kikiwa na mwanga, wakiwa mbali kidogo na skrini, na mwenye historia ya kifafa asitazame kabla hujauliza daktari wake.

Baada ya hayo yote, mtazame mtoto kuliko unavyotazama skrini. Anayeziba masikio badala ya macho, anayehamia nyuma ya kochi, anayeomba maji kila inapokaribia hatari, anayecheka kupita kiasi penye jambo lisilochekesha, au anayeuliza swali lilelile mara nne, amekwisha kukuambia kwamba imemzidi. Ukiona hivyo, izime bila kumkemea, useme kwamba wewe ndiwe uliyeamua, ili asionekane mwoga mbele ya dada yake.

Na huyo dada nisimsahau. Miaka 10 huogopa tofauti. Kivuli hakimsumbui, lakini hadithi ya yatima waliopoteza walezi inaweza kumfikirisha kuhusu kifo chako, vita, au rafiki anayesaliti, kwa kuwa sasa anaogopa yanayoweza kutokea kweli. Uzito huo si sababu ya kumnyima. Katuni nzuri ya ulimwengu wa kubuni humpa mtoto wa umri wake nafasi ya kuwaza haki, woga na msamaha akiwa mahali salama, na analia kwa sababu hadithi hiyo imekuwa na maana kwake. Asiadhibiwe kwa hofu ya mdogo wake, maana atakachojifunza ni kutazama kwa siri na kumnyamazisha mdogo asiseme. Mpangie saa ambayo mdogo yuko nje akicheza au na baba yake, ukae naye, na usikae kimya mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mtoto anaweza kuuchukua ukimya wako kama kukubali kila kinachoonyeshwa. Muulize swali moja tu baada ya kila sehemu, kwa mfano ni nani aliyefanya uamuzi mgumu zaidi, kisha umsikilize. Mwombe pia asimsimulie mdogo wake yanayotokea, wala asimtishe kwa kivuli hata kwa mzaha.

Hofu ya namna hii kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kitu kilichoileta kuondolewa. Mpeleke mwanao kwa daktari wa watoto au mwanasaikolojia ikiwa baada ya mwezi mmoja bado hali yake haijabadilika, ikiwa anakataa shule, halali, ameanza tena kukojoa kitandani, au anawaumiza wengine akiigiza mapigano. Degedege, au kuganda macho bila kuitika, hayasubiri mwezi. Yanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Lipo pia jambo ninaloliandika kwa uzito wote. Mara chache, mtoto huazima maneno ya katuni ili kusema lililomtokea kweli. Kama mwanao anamwogopa mtu fulani kwa jina, kama hofu yake inatokea mahali pamoja au anapoachwa na mtu mmoja, au kama "kivuli" anachokisimulia kinafanya mambo ambayo hayamo katika katuni hiyo, usimsahihishe na usimhoji kwa pupa. Msikilize, mwambie umefanya vizuri kuniambia, na utafute msaada wa ana kwa ana upesi.

Akifika miaka 8 hivi, naye akaiomba katuni hiyo mwenyewe, mnaweza kuijaribu tena mchana, mkianzia na sehemu ya msimu wa kwanza aliyokuwa akiipenda. Mtakapokaribia usiku ule wa mama mlezi, mweleze kabla kitakachotokea, na umwachie yeye kidhibiti cha televisheni.